Vifaa vya kipa wa hoki ya barafu kwenye mitumba ya Mwanjelwa: kipi kinamfaa kipa wa magongo, kipi kiachwe

Mara moja moja, katika mizigo ya mitumba inayotoka Kanada na Marekani, hutokea furushi ambalo wauzaji wa Mwanjelwa na SIDO hapa Mbeya hawana jina lake. Ndani kuna kofia yenye vyuma usoni, kinga mbili za miguu zinazofika mapajani, kizibao kinene chenye mikono yake, glovu moja yenye mfuko wa kudakia na nyingine yenye ubao mgongoni. Kofia hunadiwa kwa vijana wa bodaboda, kinga za miguu huitwa za kriketi, na glovu ya kudakia huuzwa peke yake kwa mtu anayetaka pambo la ukutani. Vyote ni vifaa vya kipa wa hoki ya barafu.

Uwanja wa barafu hatuna, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Lakini mpira wa magongo, ule wa nyasini, unamtaka kipa avae kuliko wachezaji wengine wote, na seti mpya ya kipa huwakwamisha walimu wengi wa michezo kabla timu haijaanza. Kwa hiyo mwalimu anayesimama mbele ya kibanda na kuuliza kama vitu hivi vitamfaa kipa wake anauliza swali la maana sana. Tathmini hii inamjibu kifaa kwa kifaa, na hukumu tunaitoa mapema: kuanzia kiunoni kwenda juu, kagua kisha nunua, kuanzia kiunoni kwenda chini, pima kwa futi kamba, na mara nyingi acha.

Sababu iko golini. Goli la hoki ya barafu lina upana wa mita 1.83 na urefu wa mita 1.22. Goli la magongo lina upana wa mita 3.66, mara mbili kamili, na urefu wa mita 2.14. Kipa wa barafu akipiga magoti na kutandaza miguu pembeni, sehemu karibu yote ya chini ya goli imezibika, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuziba. Kipa wa magongo akifanya vivyo hivyo ameacha milango miwili wazi, kulia na kushoto. Yeye anatakiwa auendee mpira, aupige teke, aruke. Miguu ya makipa hawa wawili haifanyi kazi moja. Vichwa na vifua vyao, hata hivyo, vinapigwa na kitu cha uzito ule ule: paki, yaani kile kisahani cha mpira mgumu cha barafuni, ina gramu 156 hadi 170, na mpira wa magongo una gramu 156 hadi 163. Kizibao kilichotengenezwa kuzuia cha kwanza kitazuia na cha pili.

Tuanze na kofia, maana ndiyo yenye thamani kubwa kuliko vyote katika furushi lile, na ndiyo yenye mitego mingi.

Kofia hii ilikuja kwa damu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 makipa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, walicheza uso wazi karibu wote. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, Andy Bathgate wa Rangers alipiga shuti lililompasua uso Jacques Plante, kipa wa Montreal Canadiens. Plante alishonwa, kisha akagoma kurudi uwanjani mpaka aruhusiwe kuvaa kinyago cha faiba alichokuwa akikitumia mazoezini. Kocha wake, Toe Blake, hakukitaka kinyago kile, ila siku hizo timu hazikuwa na kipa wa akiba benchini, akakubali. Montreal walishinda 3-1, na Plante akaendelea kukivaa. Katika kipindi hicho hicho Glenn Hall alidaka michezo 502 mfululizo, kati ya mwaka 1955 na 1962, bila kinga yoyote usoni. Mchezaji akikuambia kwamba wa zamani waliweza, mjibu kwamba wa zamani walishonwa.

Kwenye mitumba utakuta aina mbili. Ya kwanza ni kinyago kizima: ganda la faiba au plastiki ngumu linalozunguka uso hadi kidevuni, vyuma mbele, na kibamba cha nyuma kilichoshikwa na mikanda ya lastiki. Ya pili ni kofia ya kawaida ya mchezaji iliyofungwa vyuma vya uso kwa mbele. Zote mbili zinafaa kwa magongo ikiwa zinafunika uso mzima na kichwa kizima pamoja na kisogo, kwa sababu sheria ya magongo inataka hivyo. Kinyago ambacho kibamba chake cha nyuma kimepotea usikinunue hata kwa bei ya kutupa. Kipa akianguka chali, kisogo chake kiko wazi.

Ufa ndio wa kutafutwa kwanza. Toa sponji zinazotoka, washa tochi ya simu ndani ya ganda na uangalie kwa nje. Faiba isiyo na rangi nzito huonyesha ufa kama mstari mweupe. Rangi ikizuia mwanga, gongagonga kwa sarafu kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Mahali pazima pana mlio mkali, na mahali ambapo tabaka zimeachana pana mlio wa bubu. Malizia kwa kubana masikio ya kofia kwa viganja viwili: ikinepa upande mmoja kuliko mwingine, irudishe kwenye meza. Kuna mafundi hodari wa bampa za magari ambao watakupakia faiba na gundi mpaka ufa usionekane, lakini hilo ni kuficha tu. Nguvu ya ganda pale paji la uso na kidevuni hairudi.

Vyuma vya uso navyo vina tofauti. Vingine vina matundu mapana mbele ya macho ili kipa aone vizuri, vingine ni vya miraba midogo. Mpira wa magongo una kipenyo cha zaidi ya sentimita 7, kwa hiyo hauwezi kupita kwenye vyuma vizima vya aina yoyote ile. Hatari ni ncha ya gongo. Nenda na gongo lenyewe sokoni, ujaribu kulipitisha kwenye tundu kubwa kuliko yote. Likiingia kiasi cha kukaribia jicho, hicho si cha mwanafunzi. Tafuta cha miraba midogo. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa, lakini kutu iliyokaa kwenye maungio ya vyuma inaashiria kwamba pale pataachia siku ya shuti kali. Vyuma vilivyobonyea kwa ndani usivinyooshe kwa nyundo, wala usimpelekee fundi wa kuchomelea: ukishakipasha moto chuma kile, tabia yake imebadilika, na utajua siku kitakapokatika. Mwambie mchezaji avae na afunge kidevu, kisha upime nafasi kati ya pua na vyuma. Vidole viwili viingie.

Sponji ya ndani ibonyeze kwa dole gumba. Nzuri inarudi taratibu na kwa ukamilifu. Iliyokufa inabaki na shimo au inamomonyoka unga mkononi. Usikubali kubadilishiwa kwa sponji ya godoro. Ile inalala chini moja kwa moja inapopigwa, na ganda linagonga mfupa. Kama tatizo ni kulegea tu, kipande cha mkeka wa mazoezi au sponji ngumu ya malapa chenye unene wa milimita 5 kinatosha kuziba nafasi ya mashavuni. Kama sponji yote imekufa, kofia imekufa. Mikanda ya nyuma iliyonyooka na kulegea haina shida: fundi cherehani akushonee lastiki pana mpya yenye upana kama wa ile ya zamani. Usifunge kwa kamba, maana kofia inatakiwa iachie kidogo inapovutwa, isimkabe mtu.

Na kwa vijana wa bodaboda, tunaomba sana: kofia hii haikutengenezwa kwa ajili ya lami. Imetengenezwa kupokea kitu cha gramu 170 kinachokuja kwa mbele. Muuzaji anayeiita helmeti ya pikipiki huenda haelewi, na mnunuzi ndiye atakayeumia.

Shingo. Chini ya kidevu cha vinyago vingi huning'inia kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kimefungwa kwa kamba mbili. Wauzaji hukikata wakidhani ni takataka. Kiulizie, na kama hakipo, tafuta kinga ya shingo ya kitambaa, ile ya kuvaa kama kola pana inayoshuka kifuani. Makipa wa barafu wanaiheshimu kwa sababu ya Clint Malarchuk wa Buffalo Sabres: tarehe 22 Machi 1989 kiatu chenye makali, cha kutelezea barafuni, cha mchezaji aliyeanguka golini kilimkata mshipa wa shingo, na akaokolewa na mtaalamu wa tiba wa timu, Jim Pizzutelli, aliyekuwa mhudumu wa afya wa jeshi vitani Vietnam, akiubana mshipa kwa vidole. Malarchuk alirudi kudaka chini ya wiki mbili baadaye, na miaka iliyofuata alizungumza waziwazi juu ya mateso ya akili yaliyomwandama. Kwetu hakuna kiatu cha makali, ila mpira unaobetuliwa na gongo na kupanda ghafla unafika pale pale. Ya kitambaa inafulika, ni nyepesi, na mara nyingi inauzwa kwa bei ya skafu.

Kinga ya kifua na mikono ndiyo kifaa tunachokipa alama za juu kabisa. Imeunganishwa: kifua, mabega, viwiko na mikono hadi karibu na kiganja. Kwa mwalimu wa shule, hii ni nafuu kubwa, kwa sababu vingine angevinunua kimoja kimoja. Soma kibandiko cha ndani: SR ni ya mtu mzima, INT ni ya kijana wa katikati, JR ni ya mtoto, YTH ni ya mtoto mdogo. Kwa wanafunzi wa sekondari INT huwakaa wengi. Mvalishe mchezaji, mwambie anyooshe mikono juu. Sehemu ya chini isipande ikaacha kitovu wazi. Inatakiwa iingie ndani ya kaptula au iipite kwa vidole vinne. Kisha mwambie ajikunje kama anayedaka mpira wa chini. Kola ikimsukuma kidevu na kuinua kofia, ni kubwa mno, na kipa wa namna hiyo anaona mpira kwa nusu jicho.

Kuna jambo moja la kubadilisha. Barafuni kipa akianguka anateleza. Kwenye murram au nyasi kavu akianguka anakwama, na bega lote linabeba uzito. Vifuniko vya mabega vinavyosimama juu vitamchoma shingoni akilala ubavu. Vingi vimefungwa kwa kamba za viatu au velkro, kwa hiyo vifungue uvishushe sentimita 2 au 3 kisha ujaribu tena kwa kulala chini. Kumbuka pia kwamba katika magongo kinga hairuhusiwi kuukuza mwili kupita ulivyo, na jezi ya kipa huvaliwa juu ya kinga, ikiwa na rangi tofauti na za timu zote mbili. Jezi ya kawaida haitaingia. Shona au nunua kubwa zaidi kwa saizi mbili.

Kama seti ni ya shule na itavaliwa na zaidi ya mtu mmoja, chagua yenye mikanda ya velkro au bizimu, uache yenye kamba zilizokwisha kufungwa mafundo kwa mwili wa mtu mmoja. Kinga isiyomkaa mtu ni mzigo. Katika NHL ya wakati ule kila uwanja ulikuwa na kipa wa dharura aliyeweza kuitwa na timu yoyote kati ya mbili, na tarehe 22 Februari 2020 mjini Toronto aliitwa David Ayres, mtu wa miaka 42 aliyewahi kupandikizwa figo ya mama yake, baada ya makipa wote wawili wa Carolina Hurricanes kuumia. Alizuia mashuti 8 kati ya 10 na Carolina wakashinda 6-3. Mtu wa namna hiyo huingia uwanjani kwa dakika chache za kujiandaa, na hilo haliwezekani kama hana kinga zinazomkaa. Kipa wako wa akiba naye avalishwe na apimwe mazoezini, isisubiriwe siku ya mechi.

Kaptula yenye mbao za mapajani ni nzuri, haina maneno mengi. Angalia kamba ya kiunoni, angalia kama ubao wa plastiki wa paja umevunjika kwa kuukunja, basi. Kinga ya sehemu za siri usinunue ya mtumba, nunua mpya.

Sasa tunashuka chini, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa sababu kinga za miguu ndizo kubwa na ndizo zinazong'aa, na mnunuzi anaamini amepata uti wa mgongo wa seti nzima.

Kwanza upana. Sheria ya magongo inaruhusu kinga ya mguu isiyozidi milimita 300. NHL ilipunguza upana kutoka inchi 12 hadi inchi 11 msimu wa 2005-06, ili magoli yaongezeke. Inchi 11 ni milimita 279, zinaruhusiwa. Inchi 12 ni milimita 305, zimezidi. Maana yake ni kwamba kinga za kabla ya msimu huo zinaweza kukataliwa na mwamuzi kwa milimita tano tu. Nenda sokoni na futi kamba, upime sehemu pana kuliko zote zikiwa mguuni.

Pili, umbo. Kinga ya kisasa ya barafu imejengwa kwa ajili ya mtindo wa kupiga magoti na kutandaza miguu, mtindo ulioanzia kwa makipa kama Glenn Hall na kuenezwa na Patrick Roy, aliyeshinda michezo 551 ya NHL na kutwaa mara tatu tuzo ya mchezaji bora wa mechi za mtoano. Ndani ya goti kuna kitofali cha sponji ngumu ambacho goti hutua juu yake. Kinga inatakiwa izunguke mguuni, uso wake utazame mbele wakati goti liko chini. Ukimvisha kipa wa magongo kitu hicho, akikimbia kinazunguka, uso wa kinga unatazama pembeni, na ugoko unabaki na kamba tu mbele yake. Unaweza kupunguza hilo kwa kukaza mikanda ya shavu la mguu mashimo mawili zaidi na kuongeza mkanda mmoja wa velkro chini ya goti. Bizimu zikae upande wa nje wa mguu. Zikiwa ndani, umevalisha kulia kushoto, na zitanasana kipa akikimbia.

Mtindo wenyewe una gharama yake kwa mwili, na walimu waijue kabla ya kumfundisha mtoto kudaka hivyo kwa sababu tu amepata kinga za aina hiyo. Nyonga inapindwa kwa ndani mara nyingi mno, na majeraha ya nyonga yamekuwa sehemu ya kazi ya makipa wa barafu. Tuukka Rask wa Boston Bruins alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka 2021, akajaribu kurudi, akastaafu Februari 2022. Mfano unaomfaa zaidi kipa wetu ni Martin Brodeur wa New Jersey Devils, aliyesimama kwa miguu yake zaidi ya wenzake wa enzi ile, akatoka golini kuicheza paki kwa gongo, na akamaliza na rekodi ya ushindi 691 na michezo 125 bila kufungwa. Kipa wa magongo anayesimama, anayesoma, na anayeanza kusogea kabla ya shuti atadaka vizuri kuliko anayesubiri akiwa amepiga magoti.

Tatu, urefu. Kinga ya barafu imepimwa juu ya kiatu chenye makali, kinachomwinua mtu sentimita kadhaa. Akivaa raba, kinga inashuka, ukingo wa chini unaburuta na murram inaula ndani ya wiki chache. Kama kibandiko kinasema 34+1, ni inchi 34 za urefu na inchi moja ya nyongeza juu ya goti. Kwa mtu anayevaa raba, shuka saizi moja au mbili chini ya ile inayoonekana kumtosha. Kisha umpe fundi viatu akushonee kipande cha mpira wa tyubu kwenye ukingo wa chini na kwenye goti kwa ndani, kwa msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Gundi peke yake itabanduka mvua ya kwanza.

Na hata ukishafanya yote hayo, vidole vya mguu viko wazi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kipa wa barafu ana kiatu chenye ganda gumu; kipa wa magongo ana vikinga maalumu vya kupigia teke vinavyovaliwa juu ya raba, na sheria inavitaja pamoja na kofia na kinga za miguu kuwa vya lazima. Furushi la barafu halina kitu hicho. Usimruhusu mtoto asimame golini kwa raba tupu akisubiri mpira wa gramu 160 uliopigwa kwa nguvu. Kidole gumba cha mguu kinavunjika. Ikiwa bajeti inatosha kununua kitu kimoja tu kipya, kiwe vikinga vya kupigia teke vya sponji ngumu, na vikiambatana na kinga zake za miguu ndiyo bora zaidi, kwa kuwa vimechongwa kukaa pamoja. Ndiyo maana tunasema kinga za barafu mara nyingi ziachwe.

Glovu ya kudakia iache kabisa. Sheria ya magongo hairuhusu kinga ya mkono kuwa na chochote cha kuushikilia mpira, na mfuko wa glovu ile ndiyo kazi yake yote. Ile yenye ubao ina nafuu. Kipimo chake cha kawaida ni inchi 15 kwa 8, yaani milimita 381 kwa 203, na magongo yanaruhusu milimita 355 kwa 228. Upana umekubalika, urefu umezidi kwa milimita 26. Fundi viatu mwenye mkono mzuri anaweza kufumua pindo la juu, kukata plastiki na sponji sentimita 3, na kushona upya. Kabla hujalipa, ivae mkono wa kulia. Wapo makipa wa barafu wanaoshika gongo kwa kushoto, na glovu zao ni kinyume. Gongo la nyasini hutengenezwa kwa upande mmoja tu, wa mkono wa kulia, kwa hiyo glovu ya kushoto haina kazi kwako.

Gongo la kipa wa barafu, lenye bapa pana na mpini ulionenepa chini, haliruhusiwi, maana gongo la magongo linatakiwa lipite kwenye pete ya milimita 51. Viatu vya barafu havina matumizi huku, na makali yake ni hatari kwa watoto wanaochezea vibandani.

Bei haina kibandiko, na muuzaji huipanga kwa ukubwa wa kitu na mng'ao wake. Hilo linakusaidia. Kinga za miguu zitaanzia juu, kofia iliyofifia rangi na kizibao cha kifua vitaanzia chini, na wewe unavitaka hivyo viwili. Usiulize seti nzima. Ukiuliza seti, utalipia glovu ya mfuko, gongo na viatu. Ukisikia "Mwalimu, chukua vyote nikupunguzie", shukuru, uviweke pembeni unavyovitaka, na ujadili hivyo tu. Huduma ya vibanda hivi tunaisifu kwa jambo moja: wauzaji wengi wanakuruhusu umvalishe mchezaji pale pale na ugongegonge kofia kwa sarafu kadiri unavyotaka. Kurudisha hakuna, kwa hiyo ukaguzi wote ufanyike kabla ya kulipa. Acha namba ya simu na picha ya kofia, umwombe akupigie belo la vifaa vya michezo likifunguliwa, kwa sababu mzigo wa namna hii haurudi kwa ratiba.

Ukifika nyumbani, usivalishe kabla ya kufua. Jasho la mtu mwingine limekaa ndani ya sponji ile kwa muda usiojulikana, na bakteria wa ngozi wanapenda mahali hapo. Loweka kizibao na kaptula kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kwa nusu saa, kandamiza kwa mikono bila kukamua kwa kusokota, badilisha maji mpaka yatoke meupe. Usitie dawa ya madoa yenye klorini. Inakula lastiki na nyuzi. Harufu ikibaki, suuza mwisho kwa siki nyeupe kikombe kimoja katika lita tano za maji. Anika kivulini penye upepo, kizibao kikiwa kimefunguliwa kwapa na viwiko. Msimu wa kiangazi hapa Mbeya hukauka upesi, lakini Tukuyu na Njombe wakati wa mvua kinaweza kukaa siku tatu au nne kikiwa na unyevu ndani, na hapo ndipo ukungu huingia. Usikimbilie jiko la mkaa: sponji inasinyaa upande uliotazama moto na haitarudi. Bora feni, au chumba kikavu na kizibao kikining'inizwa kwenye henga mbili badala ya moja ili mabega yasigusane. Kofia isifuliwe kwa petroli wala tina. Futa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, usugue vyuma kwa mswaki, kisha upake mafuta kidogo sana ya cherehani kwenye skrubu.

Kabla hujaondoka sokoni, pita pia kwenye rundo la skafu na kofia za baridi za watoto. Kinga za shingo za kitambaa hutupwa huko na watu wasiozijua; utaitambua kwa velkro nyuma, uzito wake usio wa kawaida kwa skafu, na kitambaa kigumu cha nailoni kinachoshuka mbele hadi kwenye mtulinga.